Kumwona ndugu aliye gerezani Marekani kwa video: tuwaandae wazee wetu kabla ya siku yenyewe

#1 BintiChumbageni (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Wakubwa shikamooni.

Uzi huu nauandika kwa sababu mwaka jana nilimponza mdogo wangu mwenyewe, na sitaki mwingine apite njia hiyo.

Mdogo wangu anatumikia kifungo hapa Marekani, kwenye jimbo linalofuata saa za Chicago. Kutoka kwangu hadi gerezani ni mwendo wa saa sita kwa gari, nami nafanya kazi za zamu, kwa hiyo mara nyingi tunaonana kwa video. Mimi nakaa na kishkwambi mezani. Yeye anasimama mbele ya mashine iliyofungwa ukutani ukumbini kwao, wenzake wakipita nyuma yake. Tunapewa nusu saa. Ikiisha inakata yenyewe, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Sikukuu ya Idi, mama yetu aliyeko Tanga alikuwa na miaka mitatu hajamtia mwanawe machoni. Nikampigia WhatsApp kwa simu ya pili, nikaisimamisha mbele ya kishkwambi, kioo kwa kioo. Mama akamwona. Neno lake la kwanza: "Mbona umekonda hivyo, baba?" Hazikupita dakika mbili kioo kikawa cheusi. Baada ya wiki ikaja barua: siku tisini bila video, kwa kosa la kumwingiza mtu asiyeidhinishwa kupitia kifaa kingine. Mimi niliendelea na maisha yangu, nikitaka kumpigia mama nampigia. Siku tisini alizikaa yeye.

Tangu hapo nimezisoma kanuni zao mstari kwa mstari na nimeandikiana barua na ofisi yao ya wageni. Ninayosema hapa ni ya gereza letu. Kila jimbo lina kanuni zake, na jela za kaunti, ambako wanawekwa mahabusu wanaosubiri kesi, zina zake tena. Lakini mambo makubwa yanafanana, na kilichoniuma ni kugundua kwamba yanayotuangusha sisi ni yale yale tuliyolelewa kuyaita adabu.

Chukua salamu. Kwetu mtu akipiga simu kutoka mbali, nyumba nzima inakuja kusalimia. Shangazi anatoka jikoni, jirani anachungulia, watoto wanagombea kioo. Kwenye video ya gereza kila uso unaoonekana lazima uwe wa mtu aliyeombewa ruhusa, akapeleka kitambulisho, akakubaliwa, na jina lake likaandikwa kwenye miadi ya siku hiyo. Mtoto anaingia pamoja na mtu mzima aliyeidhinishwa, na yeye pia anatajwa. Jirani akiingiza kichwa kusema "hujambo mwanangu", askari anayeangalia hajui kwamba ni salamu. Anaona sura asiyoijua, anakata. Siku hizi nafunga mlango kwa ufunguo na nimewaambia majirani wazi kwamba saa fulani hadi saa fulani wasibishe hodi. Wapo walionuna. Baadaye niliwapelekea vitumbua tukaelewana.

Chukua mavazi. Wanataka uvae kama vile unaingia gerezani kwa miguu yako: mabega yafunikwe, kifua kifunikwe, nguo isiwe fupi wala ya kuonyesha mwili. Mama akiwa nyumbani kwake na joto lile la Tanga amejifunga khanga moja kifuani, kwetu amekaa kwa stara zake ndani ya nyumba yake. Kwao mabega yako wazi. Wanaume nao, singlendi haifai, kifua wazi ndiyo kabisa. Hijabu kwa gereza letu haina shida, ila uso wote uonekane ili walinganishe na kitambulisho. Anayevaa nikabu aulize mapema kabla ya kulipia.

Mahali pia. Usiwe ndani ya gari, usiwe unatembea barabarani. Kaa sehemu moja yenye mwanga, ukuta mtupu nyuma yako. Jikoni si mahali pake: dada mmoja ninayemfahamu alikatiwa kwa sababu alikuwa anakatakata mchicha huku anaongea, na kisu kinahesabika silaha. Chupa ya pombe mezani, sigara mkononi, hata kama si vya kwako, ondoa. Na wale vijana wetu wanaopenda kuchezesha vidole mbele ya kamera kama wanamuziki, waambieni waiweke mikono mezani. Askari akiona alama asiyoielewa anaandika kwamba ni alama ya genge, na doa hilo linaingia kwenye faili la aliye ndani.

Usirekodi. Usipige picha ya kioo. Hili ndilo lilinishinda moyoni, maana mama aliomba picha moja tu aiweke kwenye fremu. Nilimkatalia mama yangu picha ya mwanawe. Picha sasa tunapiga nikienda mwenyewe, kwa kamera yao, kwa malipo.

Wenye uzoefu ongezeeni. Nawasilisha.

#2 Nahodha77

Pole sana dada. Ila mimi niseme ukweli, sisi tumefanya hiyo ya simu mbili karibu mwaka mzima na hakuna aliyetushika. Binamu yangu yuko jela ya kaunti, bibi yuko Kilwa. Nadhani nyie mlikuwa na bahati mbaya siku hiyo.

#3 BintiChumbageni

Kaka Nahodha, nakuheshimu, lakini usimshauri mtu hivyo hapa. Video zinarekodiwa, na rekodi inaweza kutazamwa baada ya wiki au miezi. Kutokamatwa leo si ruhusa. Na kama binamu yako bado ni mahabusu, kila kosa linaloandikwa sasa linaweza kufika mbele ya jaji siku ya kuamua adhabu, au siku ya kuamua dhamana.

Niliongea na mdogo wangu siku tisini zilipoisha. Nilitegemea atanilaumu. Akaniambia, "Dada, nilijua ni kosa tangu ulipoinua simu, nikashindwa kukwambia ushushe kwa sababu nilikuwa namwangalia mama." Yeye ndiye aliyelipa, na alijua atalipa. Usimweke binamu yako kwenye mtihani huo.

#4 mkalimani_wa_korti

Wanajamvi, mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani hapa Marekani, kazi ya miaka mingi. Sitataja kesi yoyote. Lakini kuna jambo ambalo mwanzisha uzi hakuligusa, na kwangu ni kubwa kuliko mavazi na simu mbili.

Watu wetu wanaamini Kiswahili ni pazia. Si pazia. Rekodi za simu na video za jela huwa naletewa mimi na wenzangu, tunasikiliza neno kwa neno, tunaandika Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na karatasi hiyo inakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nimewahi kusikiliza mama mzazi, sauti ya mtu mzima kabisa, anamwuliza mwanawe aliyekamatwa wiki ile: "Niambie mimi mama yako, ulifanya kweli?" Kwa mama hilo ni swali la mapenzi. Anataka ajue amwombee nini. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumnyamazia mama yake, anaanza kueleza. Nilitafsiri yote. Ndiyo kazi yangu. Usiku ule sikulala.

Waambieni wazee kabla: kesi haiongelewi. Wala kuulizwa, wala kudokezwa, wala kupewa moyo kwa namna ya "usijali, yule shahidi tutaongea naye." Sentensi hiyo moja inaweza kumletea shangazi yako kosa la kuingilia shahidi, na alikuwa anafariji tu.

Na msiongee kwa mafumbo. "Ule mzigo", "yule mtu wa kule", "mambo yale". Hata kama mzigo ni gunia la mchele, kwenye maandishi linasomeka vibaya. Kuna vijana waliozungumza kinyume, ule mchezo wetu wa utotoni wa kugeuza silabi. Lugha ya siri ni kosa kwenye kanuni nyingi za magereza, na mimi ule mchezo nimeucheza pia, naelewa kila kitu.

Mambo ya kesi ni ya wakili, kwa njia zake maalumu ambazo hazirekodiwi. Video hii ya familia si njia hiyo, hata wakili akiwa amekaa karibu nawe kwenye kochi.

#5 BintiChumbageni

Mkuu, shikamoo. Hili sikulijua kwa uzito huu. Mdogo wangu alikuwa ameshahukumiwa nilipoanza kumwona kwa video, kwa hiyo halikutugusa. Naomba kila anayesoma uzi huu aanze na posti hii kabla ya yangu.

#6 Fazili_Bukavu

Jambo bandugu. Mimi niko Mkongomani, tulifika hapa kutoka kambi ya wakimbizi Burundi. Kaka yangu amekamatwa mwezi uliopita, yuko jela ya kaunti. Mama hajui Kiingereza hata neno moja, na mtandao wa hiyo kampuni ni Kiingereza na Kispanyola tu. Mimi ndiye namfungulia kila kitu. Je, ninaruhusiwa kukaa karibu naye nimtafsirie maandishi yanayotokea kwenye kioo? Na anaruhusiwa kusema Kiswahili?

#7 mkalimani_wa_korti

Ndugu Fazili, pole. Kiswahili anaruhusiwa mahali pengi, nyie uulizeni uongozi wa jela hiyo kwa maandishi ili muwe na jibu mkononi. Wewe kukaa karibu: jiandikishe nawe kama mgeni, mwingie wote wawili kwenye miadi moja. Usikae pembeni nje ya kamera ukinong'ona. Sauti isiyo na uso inawatia shaka kuliko uso wa ziada.

Na kwa kuwa kakako ndiyo kwanza amekamatwa, kwa wote wenye ndugu wasio raia: Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu kazi za kikonseli, kifungu cha 36, unampa haki ya ubalozi wake kujulishwa. Mtanzania akikamatwa Marekani, ubalozi wa Tanzania unatakiwa kujulishwa hata kama hakuomba, kwa sababu ya makubaliano ya zamani. Wengine wengi ni mpaka mtu mwenyewe aseme anataka. Lakini ninyi mliokuja kama wakimbizi, zungumzeni na wakili wake kwanza kabla ya kuwasiliana na ubalozi wa nchi mliyoikimbia.

#8 Ummu_Salim

Assalaam alaykum. Niruhusuni nizungumzie msiba.

Baba mkwe wangu alifariki Unguja. Shemeji yangu yuko ndani, jimbo jingine. Tulikuwa na miadi ya video siku ya tatu baada ya mazishi, na mume wangu akaona ndiyo nafasi ya kumwambia, kwani habari ya msiba haipelekwi kwa barua. Tukafuata desturi: tukaanza mbali, mzee alikuwa anaumwa, umri umekwenda, Mungu ana mipango yake. Shemeji akaelewa kabla hatujafika. Nyuma yake kulikuwa na watu wanne wanasubiri zamu ya mashine. Alitutazama tu, uso mkavu. Akasema "Sawa. Sawa." Tukadhani ameupokea vizuri.

Mle ndani mtu hawezi kulia mbele ya wenzake. Alirudi bwenini, jioni ile mtu akamgusa bega kwa utani, wakapigana. Akawekwa peke yake wiki mbili. Ndipo tulipoelezwa kwamba magereza yana ofisi ya viongozi wa dini, na familia inaweza kuwapigia kwanza. Unawapa jina la marehemu, ni nani kwa mfungwa, amefia wapi, na namba ya mtu au hospitali wanayoweza kuthibitisha. Wakithibitisha wanamwita chemba, anaambiwa akiwa amekaa, mlango umefungwa, na mara nyingine wanampa simu aongee na nyumbani. Video inakuja baadaye, mtu akiwa ameshalia.

Laiti tungejua. Sasa tunamwambia kila mtu.

#9 Kijana wa Majengo

Mimi niko Mombasa, ndugu yangu yuko gereza moja la hapa Pwani. Kwetu ni kwenda mwenyewe na kupanga foleni, na nilikuwa nikilalamika. Mwaka 2020 korona ilipokuja wakasimamisha wageni, korti zikahamia kwenye video, basi tukawa tunamwona kwenye kioo siku ya kutajwa kesi tu. Hatuwezi kumsemesha. Mama alikuwa anavaa nguo nzuri siku hiyo ingawa mtoto hamwoni. Nimesoma uzi huu nikamkumbuka.

#10 Mzee wa Busara

Mimi nitauliza lisilopendwa. Hawa walio ndani wapo walioua, walioumiza watoto wa watu. Familia za walioumizwa hazipati video ya kumwona marehemu wao. Tunapigania dakika thelathini za nini?

#11 BintiChumbageni

Mzee, shikamoo. Swali lako si baya. Kosa la mdogo wangu lilimuumiza mtu, na mtu huyo namwombea kila siku, jina lake nalijua. Sijaandika hapa kumtetea mdogo wangu. Hukumu alipewa na mahakama, anaitumikia.

Lakini atatoka. Karibu wote wanatoka. Atakapotoka atahitaji mtu wa kumpokea, na mtu huyo hawezi kuwa sauti aliyoisikia mara ya mwisho miaka minane nyuma. Mama yangu hakuhukumiwa na mtu yeyote. Mwanangu wa miaka sita, anayemwita mjomba, hakuhukumiwa. Hizo dakika thelathini ni zao pia.

#12 Mzee wa Busara

Marahaba binti yangu. Nimekuelewa. Mungu akufanyie wepesi.

#13 LeicesterMswahili

Nichangie kutoka Uingereza kidogo. Huku magereza ya England na Wales yalianza video mwaka 2020 wakati wa korona, na sisi hatukulipishwa. Shida yetu ilikuwa mwanga. Programu inaangalia uso, na mwanga ukiwa hafifu au ukigeuza kichwa kumwita mtoto, picha inasimama mpaka urudi sawasawa. Sisi wenye rangi iliyokolea, ukikaa na dirisha nyuma yako unakuwa kivuli kitupu. Weka taa mbele ya uso wako, siyo juu ya kichwa, na fanya jaribio siku moja kabla, saa ile ile. Mchana kunaweza kuwa kweupe na jioni kukawa giza, ukapoteza dakika kumi unahangaika na taa.

#14 Nahodha77

Dada BintiChumbageni, nilikasirika kidogo na jibu lako, lakini posti ya mkalimani imenifanya nimpigie mjomba usiku huu huu. Tumeacha.

Sasa swali: gharama. Hiyo jela ya binamu yangu wanatoza kwa dakika, na kuonana ana kwa ana wameondoa kabisa. Hata ukisafiri hadi pale mlangoni, unakalishwa mbele ya kioo kingine. Ni halali hiyo?

#15 BintiChumbageni

Sehemu nyingi ndiyo, kwa bahati mbaya. Shirika la Prison Policy Initiative lilichunguza jambo hili mwaka 2015 likakuta kwamba katika jela zilizoleta video, asilimia 74 ziliondoa kuonana ana kwa ana. Texas mwaka huo huo walipitisha sheria ya kulazimisha jela za kaunti kutoa angalau nafasi mbili za ana kwa ana kwa wiki, ingawa kaunti zilizokuwa zimeshatumia fedha kwenye mitambo ya video zilipata msamaha. Kule Michigan, Machi 2024, watoto na wazazi wa mahabusu wa kaunti za St. Clair na Genesee walifungua kesi wakidai haki ya kuonana na wapendwa wao ana kwa ana. Watoto walikuwa wanadai kumkumbatia baba. Mimi habari ile niliisoma nikiwa kwenye basi nikashuka kituo si changu.

Kuhusu bei, kuna bibi mmoja wa Washington, D.C. ambaye nataka kila mtu hapa amjue. Aliitwa Martha Wright. Alikuwa haoni, kwa hiyo barua za mjukuu wake aliyefungwa mbali hazikumsaidia, alitegemea simu tu, na simu ilikuwa ghali kuliko uwezo wake. Mwaka 2000 aliungana na familia nyingine wakafungua kesi, na mwaka 2003 wakapeleka ombi kwa tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC. Alifariki 2015 kabla jambo halijakamilika. Sheria yenye jina lake ilisainiwa Januari 2023, nayo ndiyo iliyoipa FCC mamlaka ya wazi ya kuweka kikomo cha bei za simu na za video pia, ndani ya majimbo na nje. Viwango vyenyewe vimekuwa vikibadilishwa na kusogezwa mbele, kwa hiyo angalia vya sasa kwenye tovuti ya FCC kabla ya kulipa, na ukiona umezidishiwa, peleka malalamiko pale pale, ni bure. Majimbo mengine yamekwenda mbali zaidi: Connecticut, California, Minnesota na Massachusetts yamefanya simu za magereza ya jimbo kuwa bure kwa familia.

Bibi kipofu aliyetaka kuongea na mjukuu wake. Miaka zaidi ya ishirini. Nikiona uvivu wa kujaza fomu namkumbuka.

#16 Fazili_Bukavu

Nimepata jibu la jela. Kiswahili ni ruhusa, na mimi na mama tumeandikishwa wote wawili. Asante mkalimani. Lakini miadi ya kwanza tuliikosa. Kioo kiliandika 4:00, mama akajiandaa saa nne usiku.

#17 Ummu_Salim

Fazili, usijilaumu, hilo limetukuta wote. Saa yao ya 4:00 mchana ni saa kumi yetu. Mimi naandika kwenye karatasi saa ya Kiswahili peke yake, kwa maneno, nabandika kwenye friji. Mtu mzima usimpe namba mbili achague. Na ingieni dakika kumi na tano kabla. Kwetu ukichelewa, miadi inafutwa na fedha hairudi.

#18 BintiChumbageni

Wanajamvi, narudi baada ya miezi minne. Nina habari.

Niliomba ofisi ya wageni waniambie kama mtu aliye nje ya Marekani anaweza kuidhinishwa. Kwa gereza letu anaweza. Kuna magereza yasiyokubali kabisa, ulizeni kwanza msije mkampa mzee matumaini ya bure. Ilibidi ombi lianze kwa mdogo wangu mwenyewe, kupitia ofisa anayesimamia faili lake, ndipo mama akatumiwa fomu. Kitambulisho cha NIDA hawakukijua, walitaka pasipoti. Mama hakuwahi kuwa na pasipoti maisha yake yote. Alikwenda Uhamiaji pale Tanga, shilingi 150,000, na akapigwa picha akiwa amevaa mtandio wa sikukuu. Tukaongeza cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kutoka RITA, chenye jina la mama, kuonyesha udugu. Fomu ilirudishwa mara moja kwa sababu sehemu ya anwani ilitaka namba za posta za Marekani. Nikawaandikia barua, wakalishughulikia kwa mkono. Wiki tisa kwa jumla.

Kisha nikamfundisha. Mara nne tulifanya jaribio kwa WhatsApp, mimi nikiwa askari. Nilimwambia mama asiulize kesi, ingawa imekwisha. Asitoe ujumbe wa familia ya mfungwa mwingine, maana kuna mama mwenzake wa Muheza aliyemwomba amsalimie mwanawe aliye gereza lile lile. Asiinue Kurani karibu sana na kamera ikaziba uso, aisome akiwa ameishika chini. Binamu yetu amfungulie mashine halafu atoke chumbani, afunge mlango, akae nje ya nyumba. Mama alisikiliza yote, halafu akaniuliza, "Na nikilia, watakata?" Nikamwambia hapana mama, kulia hakumo kwenye kanuni.

Siku ilifika. Mimi nilikuwa nimeandikwa kwenye miadi hiyo hiyo, nikaunganishwa kutoka kwangu, kwa hiyo safari hii tulikuwa watatu kihalali. Mama alikuwa amekaa wima kama yuko studio ya picha, dera la kijani, ukuta mtupu nyuma yake, taa ya mezani mbele ya uso. Mdogo wangu akatokea. Akasema, "Shikamoo mama." Mama akafungua mdomo, marahaba haikutoka. Wakakaa hivyo. Mimi nilikuwa naangalia saa, nikihesabu dakika tulizolipia, halafu nikaacha kuhesabu.

Alipopata sauti alimwambia asogee nyuma kidogo amwone mwili mzima. Moyo wangu ukaruka, nikadhani atatoka kwenye kamera. Akarudi hatua moja tu, akasimama. Mama akamtazama kuanzia kichwani, akasema, "Hujakonda kama nilivyodhani."

#19 Nahodha77

Alhamdulillah. Dada, mimi bibi yetu wa Kilwa naye tumeanza mchakato wa pasipoti. Mmepangiwa lini tena? Na saa ngapi, nataka nijue nipange yetu isigongane na swala.

#20 BintiChumbageni

Jumapili ya wiki ijayo. Angalia hapo, kaka: Marekani wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na wanaipeleka mbele Jumapili ya pili ya Machi. Sisi nyumbani hatubadilishi. Mpaka sasa saa nne asubuhi ya Chicago ilikuwa saa kumi na mbili jioni Tanga, inakaribiana sana na Magharibi, mama alikuwa na wasiwasi. Baada ya kubadilisha itakuwa saa moja usiku kwake. Atakuwa ameshaswali. Karatasi mpya nimemtumia binamu jana, ameshaibandika.